Picha za Siku Ambayo Hakuwepo

Siku tuliyomzika mama walikuwepo bibi mzaa mama, aliyeletwa kutoka Maposeni kwa bodaboda huku jirani yake akimshikilia kwa nyuma, mjomba wetu wa Lusewa, wadogo zangu wawili wa kiume, wamevaa mashati ya kuazima, katekista, akina mama wa jumuiya na masufuria yao, binamu yetu aliyepiga picha kwa simu yake, na mimi, kifungua mimba. Baba alikuwa ametangulia zamani, na kaburi lake lilikuwa pale pale pembeni.

Mdogo wangu wa kike hakuwepo. Alikuwa bweni Madaba, katikati ya mitihani ya kidato cha nne. Madaba si mbali. Gari la asubuhi lingemfikisha Songea kabla jeneza halijatolewa ndani. Lakini wakubwa walikaa nyuma ya nyumba, mjomba akasema, “Asiambiwe. Mtihani una siku yake, msiba hauishi. Atalia akirudi.” Kisha wakanigeukia. “Wewe ndiye mama yao sasa. Unasemaje?”

Nilitazama chini. “Amalize kwanza,” nikasema.

Alimaliza. Alirudi na tranka lake kichwani, akiimba tangu njia panda. Aliponiona nimenyoa nywele, akanyamaza, akatua tranka.

“Dada, ni nani?”

Alitutazama mmoja mmoja, akahesabu waliopo, akajua.

Jioni ile hakulia mbele yetu. Aliuliza tu, “Nani alikuwepo?” Nikamtajia. “Hata jirani wa bondeni, yule aliyegombana na mama?” Nikamwambia alikuwepo, na ndiye aliyechota maji. “Basi ni mimi tu,” akasema.

Alifaulu, akaenda chuoni Mtwara. Likizo alikuwa harudi.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, baba alipofariki. Wakati yeye yuko Mtwara, nilikuwa nimepata kazi kwenye steshenari hapa mjini, kutoa kopi na kufagia. Bosi, mzee wa Tunduru mwenye subira, aliniruhusu kushika kompyuta ya dirishani wateja wakipungua. Ndani yake kulikuwa na programu ya kutengeneza tovuti. Nikawaza: kama siwezi kumrudishia mdogo wangu ile siku, nimtengenezee mahali pa kuiona. Picha za binamu nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta hiyo, na ilikuwa bahati, maana simu yake iliibwa stendi baadaye.

Nilijifunza kwa video. Mwalimu wa kwenye video aliongea Kiingereza cha mbio, kwa hiyo niliacha kumsikiliza, nikawa nafuata mshale wake tu: umeenda wapi, umebonyeza nini. Maneno ya programu niliyajua kwa mahali yalipokaa, kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni gizani. Kwa majuma kadhaa picha zilipandana. Uso wa bibi ukawa unalifunika jeneza, nikiusogeza, maandishi yote yanaporomoka.

“Mhandisi,” wateja walinitania, “nitolee kopi kwanza, hiyo tovuti haina foleni.”

“Mwacheni,” bosi aliwajibu. “Inshallah mtakuja kumwomba kazi nyie.”

Mwishowe ukasimama ukurasa mmoja wenye picha tano, kila moja na maneno yake chini. Ya tano ilikuwa ya kuaga, kifuniko kimefunguliwa na uso wa mama unaonekana. Niliupandisha ukurasa kwenye huduma ya bure mtandaoni, nikamwambia bosi kwa majivuno kwamba kazi yangu sasa iko intaneti. Nikamtumia mdogo wangu anwani. Jumamosi ile akanipigia.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Umefungua?”

“Nimefungua. Naona visanduku.”

“Visanduku gani?”

“Vitupu. Chini umeandika, ‘Mama akitolewa ndani.’ ‘Tukimuaga.’ Mama mwenyewe yuko wapi?”

Nikafungua ukurasa kwenye kompyuta yangu. Picha zote zilikuwepo. “Mbona mimi naziona?”

“Nyie mnaona, dada. Siku zote nyie ndio mnaona.” Akakata.

Nilitafuta kosa mpaka nikalipata. Ukurasa haubebi picha. Unabeba maelekezo tu ya mahali picha ilipo. Nilikuwa nimepeleka ukurasa, folda ya picha nikaiacha kwenye mashine. Mashine yangu ilijua pa kuzikuta, simu ya Mtwara haikujua. Lilikuwa jambo dogo, la kurekebisha Jumatatu.

Jumatatu nilikuta kompyuta inawaka kama mpya. Virusi vilikuwa vimeanza kula kazi za wateja, na Jumapili bosi alimwita fundi akafuta kila kitu na kupiga window upya.

“Vitu vyako si viko intaneti?” akaniuliza. “Uliniambia mwenyewe.”

Niliitikia kwa kichwa. Nikaenda nyuma ya duka, nikakaa juu ya katoni za karatasi.

Nilipomwambia mdogo wangu, hakupaza sauti. Alisema, “Basi niandikie. Kila kisanduku, niandikie kilikuwa na nini.”

Naandika. Cha kwanza nimeeleza mlango ulivyokuwa mwembamba, ikabidi jeneza liinamishwe, na bibi akasema kwa Kingoni wamshushe mwanawe taratibu, mgongo unamuuma. Cha pili akina mama wa jumuiya. Cha tatu udongo mwekundu kwenye viatu vya wadogo zetu. Cha nne msalaba, na jirani wa bondeni akiunyoosha.

Cha tano nimeandika, “Alivaa kitenge chake cha Krismasi.” Nikifika usoni, nafuta.

Juzi alipiga tena. Tuliongea habari za chuo, za mvua, za mahindi ya bibi. Kabla ya kukata akasema, “Dada, bado nakudai kimoja.”

“Nakumbuka, mdogo wangu,” nikamjibu.