Waliobaki Wamekaa

Leo naongea na wenzangu, sisi tuliokulia Kitangari na vijiji vya jirani enzi za maji ya kufuata bondeni. Nyie mliozaliwa bomba likiwa uani mnaruhusiwa kusikiliza, ila msinikatize. Kwetu Jumapili ilikuwa inaanza Jumamosi mchana, pale Mama anapokutuma bondeni safari ya pili, kwa sababu maji ya kuogea watu wa kanisani hayakuhesabiwa pamoja na maji ya siku za kawaida. Unashuka na ndoo tupu inakugonga goti, unapanda imejaa, kata ya kichwani imelowa na shingo imeingia mabegani. Ukimwaga njiani unarudi, na hapo hakuna mjadala.

Gauni la kanisani lilikuwa moja. Wiki nzima linalala kwenye sanduku la bati, Jumamosi jioni linatiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi ya mkaa, hadi linakakamaa kama limevaliwa na mtu mwingine ndani. Asubuhi mnakula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chai ya rangi, mnapakwa mafuta miguu inang'aa, halafu mnatembea kwenye vumbi jekundu na kufika kanisani miguu ikiwa ya rangi ileile iliyokuwa nayo kabla ya kuoga. Mama anaiangalia, anaguna, anatoa ncha ya kanga na kuanza kufuta. Siku hizi watoto wanashushwa na bodaboda mlangoni mwa kanisa na bado wanachelewa. Sijui wanachelewa wapi.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo na bati, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto kwenye mikeka mbele kabisa ambako Mwalimu Danieli aliweza kutuona. Huyu ndiye alikuwa mwalimu wetu wa kanisa, mkulima kama wengine, lakini Jumapili ndiye aliyesalisha. Padri alikuwa na mitaa mingi ya kuzungukia, kwa hiyo alifika kwetu mara moja kwa mwezi na pikipiki yake, na Jumapili hiyo tu ndipo watu wazima walishiriki Meza ya Bwana. Ilikuwa Jumapili kubwa. Hata wagonjwa waliletwa kwenye baiskeli.

Sasa kulikuwa na desturi moja ambayo sijui nani aliianzisha. Mtu mwenye ugomvi na mwenzake alikuwa haendi mezani. Haikuandikwa popote na hakuna aliyetangaza majina. Watu wakinyanyuka kwenda mbele, yeye anabaki amekaa, na yule waliyegombana naye anabaki amekaa pia, awe amekosa au amekosewa. Hawakufukuzwa. Waliimba, walitoa sadaka, walifagia zamu zao zikifika. Ila mezani hawaendi mpaka wapatane, na kila mtu kanisani aliwaona.

Nakumbuka mwaka ambao aliyebaki amekaa alikuwa baba yangu.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa kusafisha mashamba ya korosho. Mnajua wenyewe kazi ile: unalima chini ya miti, unakusanya majani na matawi, unachoma, ili msimu ukianza korosho zikidondoka uzione. Jirani yetu wa shamba, Baba Stefano, alichoma yake siku yenye upepo, tena bila kulima kinga ya kutosha pembeni. Moto ukavuka. Tulikimbia na matawi mabichi kuupiga, kijiji kizima, Waislamu na Wakristo, wanawake kwa wanaume, lakini ulipozimika mstari mzima wa mikorosho yetu mikubwa ulikuwa mweusi. Miti hiyo aliipanda babu, baba yake Baba, ambaye mimi sikumkuta. Ndiyo iliyotulipia ada na kutununulia hayo magauni ya wanga.

Baba hakupiga kelele. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza, na sisi kunyamaza kwake tulikuogopa kuliko fimbo ya Mama. Baba Stefano alikuja siku ya pili pamoja na Mwalimu Danieli, akakaa mkekani, akasema amekosa, akasema atatoa nguvu zake kupanda upya. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nimekusikia." Akanyanyuka, akaenda kuangalia mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mwalimu Danieli akamfuata, akamwita kwa jina langu. "Baba Agnesi, kusikia umesikia. Umemsamehe?"

"Nimesema nimemsikia, Mwalimu."

"Basi wote wawili mtakaa."

"Mimi sijakosa kitu."

"Najua. Mtakaa."

Na akakaa. Wengine hapo wangesusa. Mama mwenyewe, kwa aibu, alimwambia ni afadhali Jumapili ya padri abaki nyumbani asingizie mgongo. Baba akamjibu, "Nyumba ya Mungu si ya Baba Stefano," akavaa shati lake jeupe akaongoza njia. Tatizo ni kwamba Baba ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo. Kwa hiyo watu walinyanyuka benchi kwa benchi, wakapita mbele yake kwenda kupokea, yeye amekaa anawaimbia, sauti yake nzito ileile, na nyuma yake mabenchi matatu Baba Stefano naye amekaa anaitikia. Wimbo mmoja, watu wawili, hawasalimiani. Mama akirudi kutoka mezani alikuwa haangalii upande wa wanaume. Mimi niliona fahari kwa sauti ya baba yangu na nikaona aibu kwa wakati mmoja, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Miezi ikapita hivyo. Njiani Baba Stefano alimsalimu, Baba akaitikia kwa kukohoa. Sisi watoto tulikatazwa kwenda kwao, jambo ambalo tulilitii mbele ya Baba tu, maana Stefano ndiye aliyekuwa fundi wa kukaanga korosho kwenye bati bila kuungua vidole, na hatukuona kwa nini ugomvi wa mashamba utunyime korosho.

Aliyebadilisha mambo ni bibi, mama yake Baba. Tuliishi naye nyumba moja. Alikuwa mzee sana wakati huo, amekauka, macho yameanza kufifia, na msimu huo akashindwa kabisa kuamka. Kwa wagonjwa wa namna hiyo padri alikuwa anakuja nyumbani baada ya ibada, na Bibi alikuwa anaisubiri siku hiyo mwezi mzima. Anaoshwa, anavishwa kitambaa cheupe kichwani, anakaa kitandani ameegemezwa mto kama anayesubiri posa. Sasa mwezi ule padri alipofika, Bibi akamuuliza, "Mwanangu amepokea leo?"

Padri akamwambia ukweli. Amekaa.

"Basi na mimi nimekaa," akasema Bibi.

Padri alimbembeleza. Alimwambia yeye hana ugomvi na mtu, na mwili wake ni dhaifu, asijinyime. Bibi akasema asante, baba, nenda salama, utanikuta mwezi ujao Mungu akipenda. Mama alilia jikoni. Watu wa siku zile hawakuchezea jambo la kufa bila kupokea, na wote tulikuwa tunaona kwamba mwezi ujao kwa Bibi ulikuwa mbali sana.

Baba aliingia chumbani kwake jioni hiyo, na kwa kuwa kuta za nyumba zetu hazikufika juu, tulisikia kila neno. Alianza kwa hasira, kitu ambacho sijawahi kumsikia akimfanyia mama yake. Alisema hawezi kulazimishwa. Alisema ile miti ni jasho la baba yake.

"Nani alikuwa anaimwagilia?" Bibi akauliza.

Tukasikia kitanda kikilia, Baba anakaa.

"Baba yako alichimba mashimo akaondoka zake kusaka kibarua kwenye mikonge. Ni mimi niliyeshuka bondeni, wewe mgongoni na mtungi kichwani. Mti huu kata moja ya maji, mti ule kata moja, mpaka mvua zikaja. Ile miti ni yangu. Imeungua, nimelia, nimemsamehe Baba Stefano siku ileile. Sasa wewe uliyekuwa unalala mgongoni, unamkasirikia kwa niaba ya nani?"

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo nasikia joto usoni, na sikuambiwa mimi. Baba alitoka. Hakula.

Siku kadhaa zikapita. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, sisi tunafurahi kwa kuwa maji yanakingwa kwenye bati na bondeni hakuendwi. Mchana mmoja tulikuwa barazani tunapukuchua mbaazi, Baba akachukua jembe akasema anaenda shambani. Tukamwangalia. Alipofika njia panda akasimama kwa muda mrefu, mvua inamnyeshea, halafu akakata kushoto. Shamba letu lilikuwa kulia. Mama aliacha mbaazi akasimama, mkono mdomoni.

Walirudi wawili, wamelowa, jembe amelibeba Baba Stefano. Waliingia moja kwa moja kwa Bibi, na sisi tukasogea mlangoni bila aibu yoyote.

"Shikamoo, mama," akasema Baba Stefano.

"Marahaba. Kaeni nisikie."

Baba akakohoa. "Baba Stefano, moto ule uliniuma."

"Najua, kaka."

"Uliniuma sana. Sasa… basi."

"Basi ndiyo nini?" Bibi akadakia. "Sema lenyewe. Mimi macho hayaoni, ila masikio yapo."

Ilimchukua muda. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akitafuta neno hivyo, anafungua mdomo na kuufunga. Mwishowe akasema, "Nimekusamehe," kwa sauti ndogo ambayo huwezi kuamini ndiyo iliyokuwa inaanzisha nyimbo. Baba Stefano akafunika uso kwa viganja akalia kama mtoto. Mama akaleta ugali wa muhogo na kisamvu, wakanawa, wakala sahani moja, na Bibi akaomba naye apewe tonge dogo achovye.

Padri alikuja mwezi huo akiwa amejaa matope hadi kiunoni, pikipiki ameiacha njiani. Bibi alikuwa bado yupo. Alikuwa hawezi tena kukaa, sauti imebaki kidogo. Padri alipoinama, Bibi akauliza swali lake lilelile, na Baba akajibu mwenyewe, "Nimepokea, mama. Na Baba Stefano amepokea." Bibi akafungua mdomo akapokea. Alizikwa kabla ya Krismasi, na waliolichimba kaburi walikuwa watatu, mmoja wao Baba Stefano, ambaye alikataa kupokewa jembe mpaka kazi ilipoisha.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilimuuliza Baba kama siku ile alisamehe kweli au alimfanyia mama yake tu. "Siku ile nilisema kwa mdomo," akaniambia. "Moyo ulichelewa. Lakini ningesubiri moyo, mama angekufa na mimi ningekuwa bado nimekaa."

Sasa hivi nasali Masasi mjini. Kanisa letu ni zuri, nisiseme uongo. Tuna vigae chini, feni juu, viti vya plastiki na spika ambazo kwaya ikianza hata wazee wasiosikia wanasikia. Padri yupo kila Jumapili na meza ipo kila Jumapili. Na kugombana tunagombana vizuri tu. Mwaka huu kina mama wa kwaya wamegombana kwa ajili ya kitambaa cha sare, mmoja akatukanwa kwenye kundi la simu, akalefti saa hiyohiyo, wiki iliyofuata tukasikia yuko kanisa jingine ambako anasema kuna upako zaidi. Wenzake waliobaki hawasalimiani na nusu ya jumuiya. Binti yangu yumo humo. Nimemwambia habari za babu yake, akasema, "Mama, nyie mlikuwa hamna pa kuhamia, kanisa lilikuwa moja." Nikamwambia ni kweli, lilikuwa moja.

Lakini Jumapili nakaa nyuma, magoti yangu hayataki tena viti vya mbele, na naona wote. Wimbo ukianza, wanaume na wanawake wananyanyuka kwa mistari, safi kabisa, kila mstari hadi wa mwisho. Naangalia viti. Hakuna aliyebaki. Wasiosalimiana wanapangana mstari mmoja, wanapokea, wanarudi kila mmoja kwa njia yake, na hakuna wa kuwauliza kitu. Mungu anisamehe, kuna siku natamani nimwone mtu mmoja tu amebaki amekaa, ili nijue kwamba kuna mtu anaenda kumfuata jirani yake wiki hiyo.