Kivuli cha Pili Ndani ya Bahasha

Lenzi zangu ziliyeyuka kati ya Kasongo na Kabambare, na kosa lilikuwa langu. Nilizifunga nyuma ya pikipiki, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, jua la saa saba likizipiga, na mimi niliyesomea mambo ya joto na mawimbi sikuwaza hata mara moja kwamba nta ni nta. Nilipofungua mfuko nyumbani nilikuta kitu kimoja kama kipande cha sabuni kilichokaliwa. Mama alikitazama, akaniuliza kama hicho ndicho nilichokuwa nikisomea miaka yote ile.

Ndicho. Katika maabara kule Bukavu kazi yangu ni kutengeneza antena ndogo na lenzi zake, kwa ajili ya mawimbi ambayo watu wengi hawajayasikia. Yako kati ya mawimbi ya redio na mwanga. Yanapita kwenye kitambaa, karatasi na mbao kavu, chuma huyarudisha, maji huyanywa yote. Ukiyatuma kwenye kitu kilichofungwa, ukapima yanayotokea upande wa pili, nukta baada ya nukta, unapata picha ya kilichomo ndani. Bila lenzi yanatawanyika ovyo. Lenzi za kiwandani hazipatikani kwetu, kwa hiyo nilianza kuzisubu kwa nta ya mishumaa: lenzi kumi na tisa, kila moja kama kifuniko cha chupa, zimepangwa kama sega la nyuki, kila moja na antena yake nyuma. Msimamizi wangu alitaka zipimwe mahali penye hewa ya unyevunyevu. Nikamwambia napajua mahali ambapo chumvi haijawahi kukauka tangu nizaliwe, yaani jikoni kwa mama.

Nilikosea pia kueleza. Jioni ile kaka mkubwa aliniuliza mashine inafanya nini, nami kwa kujisifu nikasema inaweza kuona ndani ya bahasha bila kuifungua. Mama akaacha kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Lazima nieleze habari ya bahasha. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: jambo lililoandikiwa wote halifunguliwi mpaka wote wawepo. Hakuwa akitania. Siku moja tulipata mwaliko wa harusi ulioandikwa "kwa familia yote". Dada yangu alikuwa Lusangi kwenye shamba la mumewe, na baba akauweka mwaliko juu ya kabati hadi dada arudi. Tuliufungua siku tatu baada ya harusi. Baba akausoma kwa sauti, akasema ilikuwa harusi nzuri.

Miezi michache kabla ya kufa, aliweka juu ya kabati lilelile bahasha kubwa ya kaki, aliyoibandika kwa uji wa muhogo mpaka ikawa ngumu kama ubao. Alisema ifunguliwe siku watoto wote watano watakapokaa pamoja. Hakusema ni ya nini. Sisi tuliamua wenyewe kwamba ni wasia, kwa kuwa mzee anayekufa huacha wasia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuezeka upya paa linalovuja wala kugawa shamba. Watoto wanne tulipatikana: kaka mkubwa, dada wa Lusangi, mimi na mdogo wetu wa mwisho. Wa tano hakupatikana.

Wa tano ni kaka yangu wa pili. Aliondoka na pikipiki ya baba kwenda kutafuta dhahabu Salamabila, akaitumbukiza mtoni, na hakurudi tena. Baba alituma waendesha pikipiki mara mbili wamwite. Mara zote mbili walirudi na jibu moja: amehamia shimo jingine. Hata mazishini hakuja. Kaka mkubwa alipenda kusema asiyekuwepo na lake halipo, na kila aliposema hivyo mama alitoka nje.

Usiku ule mama alinifuata chumbani. Hakutaka kujua habari za shamba wala paa. Alitaka jambo moja tu.

"Angalia kama papa yenu alimukatala ule mutoto," alisema. "Kama alimukatala, uniambie mimi peke yangu. Ile ingine sitaki kujua."

Nilimwahidi. Nilikuwa najua vizuri kwamba wino wa kalamu ya kawaida hauonekani kwa mawimbi yangu, na kwamba karatasi iliyokunjwa huonyesha mikunjo na si maneno. Nilimwahidi hivyohivyo, kwa sababu alikuwa ameshika ukingo wa blanketi langu kama nilivyokuwa nikishika kitenge chake nikiwa mtoto.

Kesho yake kikaitishwa kikao. Swali lilikuwa moja: kuona ndani ya bahasha bila kuifungua, ni kufungua au si kufungua? Tulimwalika jirani yetu, karani mstaafu wa teritware, ofisi ya serikali ya wilaya, mtu ambaye hawezi kunywa maji bila kuandika PV, yaani taarifa rasmi, na kuitia sahihi. Karani alifikiri sana, akauliza: mtu akichungulia dirishani, ameingia nyumbani? Kaka mkubwa akasema hajaingia. Dada yangu wa Lusangi akasema, "Kama niko naoga, ameingia." Hapo tulibishana mpaka saa ya kula. Mwisho karani aliamua kwamba kuona si kufungua, ila kila hatua iandikwe na wote waliopo watie sahihi. Akachana karatasi katikati ya daftari, akaanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa unyevu. Bahasha ilikuwa imekaa chini ya paa linalovuja, na kwa mawimbi yangu karatasi yenye unyevu ni sawa na ukuta. Nikasema ianikwe. Ikaanikwa uani, juu ya ungo, pembeni ya muhogo wa mama. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, watu wanne walikaa kuizunguka wakiitazama ikikauka. Mbuzi akipita walisimama wote. Wingu likija karani aliandika: bahasha imeingizwa ndani, haijafunguliwa. Jua likirudi aliandika tena. Siku mbili. Nimewahi kufanya kazi na wataalamu waliovaa makoti meupe, na hakuna aliyewahi kulinda sampuli namna ile.

Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nikiyeyusha mishumaa ya dukani kwenye sufuria ya chai na kumimina kwenye kalibu zangu za mbao. Siku ya tatu kila kitu kilikuwa tayari. Umeme ulitoka kwenye paneli ya jua ya kaka mkubwa, anayochajia simu za watu. Alizichomoa zote, wenye simu wakabaki kwenye benchi wakisubiri na kutoa mawaidha. Picha ilitokea kwenye kompyuta mstari mmoja mmoja, na ilichukua nusu siku.

Ilionyesha kingo za bahasha, safi kabisa. Katikati ilionyesha doa dogo jeusi, la chuma. Na ndani ya kingo zile ilionyesha kingo nyingine, ndogo zaidi, zimelala upande kidogo.

Nilikasirika. Ugonjwa huo naujua: lenzi zisipolingana, kila kitu kinachorwa mara mbili, na kile cha pili ni kivuli tu, uongo wa mashine. Nikawaambia picha ni mbaya kwa sababu ya lenzi. Nikazichukua zote kumi na tisa, nikaziyeyusha, nikasubu upya.

Mara ya pili kivuli kilikuwepo palepale. Nikayeyusha tena. Kaka mkubwa akasema kasoro iko kwenye mishumaa, maana ni ya dukani na haina baraka. Mama akaingia ndani, akaleta mshumaa wake wa Pasaka, anaouwasha mtu akiugua sana. Nilikataa. Akaukata mwenyewe kwa kisu, akauweka sufuriani. Sikuwahi kuona aibu kama ile nikiwa kazini. Lenzi za mshumaa wa Pasaka zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na kivuli cha pili kikaonekana wazi zaidi, pembe zote nne, kama kimechorwa kwa rula. Kaka mkubwa alivua kofia. Alisema huyo ni papa, roho ya marehemu.

Niliwaambia si papa, ni hitilafu ya ulinganifu. Karani akaniomba nitaje herufi moja moja, aandike.

Kuhusu lile doa la chuma hakuna aliyeniuliza. Wenye simu kwenye benchi walikuwa wamekwisha kuamua ni nini. Mmoja wao alikuwa mwendesha pikipiki wa njia ya Salamabila, na huko kitu kidogo cha chuma kilichofichwa na mzee kina maana moja tu. Habari ikasafiri kwa pikipiki, ikinenepa njiani: mzee ameacha dhahabu, na binti yake anaitoa ndani ya bahasha kwa mashine, bila kuifungua.

Siku ya tano kaka yangu wa pili alifika. Alikuwa na matope hadi kiunoni, mwembamba, na mvi mbili tatu ambazo hakuondoka nazo. Hakuingia ndani. Alisimama uani karibu na ungo, akasema amekuja kuhakikisha hakuna anayegusa kitu cha papa kwa siri. Kaka mkubwa akamjibu kwamba mtu aliyeshindwa kuja kumzika papa asiseme habari za kitu cha papa. Mama alikwenda jikoni, akabandika maji ya kuoga motoni, akabaki kule akiyatazama.

Ili watu wasipigane niligeuza kompyuta, nikamwonyesha mgeni picha, aone mwenyewe kwamba hakuna dhahabu. Akaitazama kwa muda mfupi sana.

"Hizi ni bahasha mbili," alisema. "Moja iko ndani ya ingine."

Nikaanza kumweleza habari ya lenzi na ulinganifu. Nilimweleza kwa urefu, tena kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeyeyusha lenzi zote mara mbili, pamoja na mshumaa wa mama, kufuta kitu hicho. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akarudia kwamba ni bahasha mbili.

Karani ndiye aliyetukumbusha. Alihesabu watu kwa kalamu yake: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Watoto wote walikuwepo. Sharti la marehemu lilikuwa limetimia tangu asubuhi, na sisi tulikuwa tukibishana kuhusu picha.

Tukaingia ndani, kaka wa pili akiwa nyuma yetu sote. Bahasha ikakatwa kwa kisu cha jikoni. Ndani yake mlikuwa na bahasha nyingine, ndogo, nyeupe iliyochakaa, imebanwa kwa pini moja ya stepla. Haikuwa imefunguliwa. Juu yake paliandikwa: Kwa papa, mama na wote wa nyumbani.

Kaka wa pili alikaa chini kwenye sakafu. Aliujua mwandiko huo kabla yetu, kwa kuwa ulikuwa wake.

Tuliunganisha habari hapohapo: mwendesha pikipiki aliyetumwa na kaka alikuwa amempa baba barua ile shambani, sisi tusijue. Baba akaona imeandikiwa wote, na wote hawakuwepo: alikosekana mmoja, aliyeiandika. Kwa hiyo akaihifadhi, akatuma watu wakamwite aje isomwe. Na huko Salamabila kaka aliambiwa kwamba kwa baba yake kuna barua, anatakiwa aje isomwe mbele ya wote. Akadhani ni mashtaka ya pikipiki. Mara ya kwanza akahama shimo. Mara ya pili akahama tena.

"Niliandika, hamukujibu," alisema. "Nikasema basi, wamenikatala."

Karani akauliza nani atasoma. Kaka wa pili akasoma mwenyewe barua yake, kwa sauti, akiwa palepale sakafuni. Ilikuwa fupi. Ilisema pikipiki imeingia mtoni na haitatoka. Ilisema ana haya. Ilisema anaomba ajulishwe kama anaweza kurudi nyumbani, na kwamba hatarudi bila jibu, asije akamkasirisha papa.

Kaka mkubwa alianza kusema kitu, nadhani methali yake, akaacha katikati. Mimi nililia, na nilikuwa na hasira pia, hasira juu ya baba na kanuni zake, na juu yangu mwenyewe, kwa kuwa jibu la mama lilikuwa kwenye kompyuta tangu picha ya kwanza na mimi nikaenda kuliyeyusha jikoni.

Mama alikuja kutoka kwenye maji yake. Alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Akaniambia nichukue kalamu, kwa sababu mtu aliyeandika anastahili kujibiwa. Karani akaninyooshea karatasi ya daftari lake. Mama akataja maneno, nami nikaandika, kaka wa pili akiwa hatua mbili kutoka kwetu: mutoto yetu, barua yako tumeipata, tumeisoma wote, papa yako hakukukatala hata siku moja, alikuwa anakungoja, rudi. Akaniambia niikunje. Akaniambia niandike juu yake jina la kaka, na Salamabila.

Kisha akampa mkononi. Kaka akaifungua, akaisoma polepole mpaka mwisho, ingawa alikuwa ameisikia yote ikiandikwa. Halafu akainuka kwenda kuoga.