Waya wa Chumbani kwa Mwanamvua

Mwanamvua ameuza uwele na karanga sokoni Majengo miaka thelathini, na hajawahi kununua gunia kabla ya kulichoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, mpaka katikati. Juu nafaka safi, chini pumba: hayo ameyaona sana. Nyumbani nako aliishi hivyo hivyo, akiwachoma watu kwa macho.

Aliyechomwa zaidi ni Sabiha, mke wa mwanawe. Sabiha alihudumia wateja wa kampuni fulani kwa kompyuta, akiwa nyumbani, na kwa ajili hiyo ikafungwa modemu ya intaneti kwenye waya uleule wa kebo ya televisheni. Tangu juma ilipofungwa, kila jioni Mwanamvua alipoketi sebuleni kutazama tamthilia yake, picha ilikatika vipande vipande. Na jioni ndiyo ilikuwa zamu ya Sabiha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwanamvua alisema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Mtu anataka nichoke, nihamie kwa dada yangu Kondoa." Akampa mwanawe siku tatu modemu itolewe. Ikitolewa, Sabiha hana kazi tena.

Siku ya tatu akaja fundi wa kebo, Joel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chomoa hicho kidude kwanza."

Joel akachomoa. Picha ikatulia kama maji mtungini.

"Si nilisema!"

Joel aliufuata waya mpaka ulipoingilia nyumbani, dirishani mwa chumba cha Mwanamvua. Nyuma ya kabati akakuta spilita ya bei chee imeugawa waya mara mbili, kiungo kimesokotwa kwa mkono, na tawi moja linakwenda kwenye kitivii kilichofunikwa kanga.

"Modemu haina kosa, mama. Ikirusha mawimbi yake, yanavujia hapa yanaingia kwenye picha. Nani alifunga hii?"

Mwanamvua alifungisha mwenyewe, kwa siri, juma lile la modemu, akishuku kuwa watamnyima tivii ya sebuleni. Aibu ikamshika.

Joel akakaza viungo vipya, akachomeka modemu. Picha haikutikisika.

Sabiha alikuwa amesimama mlangoni. "Huo waya nilikuwa nauona, mama. Kila nikianua nguo hapo dirishani."

"Ukanyamaza? Kazi inakuponyoka, umenyamaza?"

"Ningesema, ungeniuliza nachungulia nini chumbani kwako."

Hata sasa, na aibu yake yote, swali hilo lilikuwa limemkaa Mwanamvua ulimini.