Boti Iliyopimwa Kama Kibuyu

Huku Sigowet, kwenye vilima vya chai, ukimtaja Lenah Chepchirchir, mtu atacheka kwanza, halafu atatikisa kichwa kwa heshima. Mimi pia nacheka, lakini ole wako umseme vibaya mbele yangu! Mwanamke amechuma majani chai tangu usichana, amekamua ng'ombe alfajiri, amesomesha watoto, na miaka hiyo yote kila alipoinua mgongo shambani aliliona ziwa kule chini likimetameta. Siku alipomkabidhi binti yake Caren shamba, alitangaza kanisani kwamba yeye na mzee wake wanahamia kwenye boti.

Boti! Kanisa zima lilibaki mdomo wazi.

Mzee wake, Kipkirui, huogopa maji. Akiwa kijana aliona Mto Kipsonoi umefurika ukimchukua ndugu yake, na tangu hapo hata darajani hupita ameshika mkono wa mtu. Lenah alilijua hilo kuliko yeyote. Boti aliitaka, ndiyo, lakini alimtaka Kipkirui ndani yake. Kama hataki, basi, hakuna boti.

"Mama Caren," mzee akamwambia, "kuangalia nitakuja. Kulala, tutaona."

Nikashuka nao Kisumu, ziwani, kwa Mokaya, fundi anayenunua boti kuukuu za injini, kuzitengeneza na kuziuza. Mbili zilikuwa na chumba cha kulala, zote zimepandishwa nchi kavu juu ya magogo. Moja ilikuwa nyeupe, rangi mpya, ina mapazia na jiko la gesi. Nyingine ilitumiwa na wavuvi zamani. Ilikuwa imechubuka kila upande na ilinuka samaki hadi machozi yanakutoka.

Lenah akazizunguka. Mambo ya boti hakuyajua, na hakujifanya anayajua. Alichojua ni kupima kibuyu kipya kabla ya kukitia mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama alivyofunzwa na mama yake: unakijaza maji, unakiweka pakavu, unasubiri uone kama kitavuja.

"Mokaya mwanangu, tia maji ndani."

"Ndani ya nini, mama?"

"Ya boti. Zote mbili."

Jamani! Mafundi waliacha kazi. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama," Mokaya akasema, "boti ndiyo hukaa kwa maji. Maji hayakai kwa boti!"

"Pahali yatatokea ndipo yataingilia. Mzee wangu simlazi mahali sijapima."

Hakubanduka. Mwishowe Mokaya akaleta pampu, shingo upande, akatia maji ya kufika magotini, tukaenda kula.

Tuliporudi, mchanga chini ya ile nyeupe ulikuwa chapachapa. Maji yalidondoka kwenye mshono uliofichwa na rangi. Mokaya akashika kichwa. "Hata mimi niliuziwa hivi hivi, na rangi yake!" Nilimwamini, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

Kipkirui hata hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti chini ya ile ya wavuvi, akiipapasa tumbo kwa kiganja, ubao baada ya ubao. Akafika mwisho, akakitazama kiganja. Kikavu. Akahamia upande wa pili, akaanza upya. Lenah alisimama pale roho mkononi na hakumharakisha hata kwa neno moja. Chai alichuma, watoto alisomesha, lakini mimi kwa kunyamaza kule ndiko ninakomvulia kofia.

Mokaya alipomaliza kuyatoa maji, mzee akapanda ngazi polepole, ameishika kwa mikono yote miwili. Kule juu akavua gambuti zake, akazipanga kando ya mlango, vile hufanya kwake nyumbani kila jioni. Akaingia. Lenah akaanza kulia hata kabla ya kusikia lolote.

"Mama Caren!" sauti ikatoka ndani. "Hii harufu tutaosha. Kitanda unataka kikae upande gani?"