Katoni za Jogoo Mwekundu

Mimi ni Domitille. Miaka kumi na moja nimeuza mapaja ya kuku wa barafu katika duka la Papa Polycarpe, huku mtaani Kadutu. Kusoma sijui. Katoni nazitambua kwa picha: jogoo mwekundu, jogoo wa bluu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika siku tatu, katoni nyekundu zikaloa na kupasuka. Papa Polycarpe akaniamuru nihamishie nyama iliyokuwamo ndani ya katoni kavu za bluu. Nikahamisha. Ningemkatalia patron, mwenye duka?

Jumamosi, saa nne, redio ikatangaza: kuku wa jogoo mwekundu warudishwe wote, wana sumu ambayo hata moto hauiondoi. Watu wa serikali walikuja, wakafungua kongelateri, lile friji la kugandisha nyama, wakaona katoni za bluu tupu.

"Hapa iko sawa," wakasema.

Nikawafuata mlangoni. "Bapapa, nyama ya mwekundu iko mule mule. Nilihamisha mimi."

Patron akacheka. "Huyu maman hajui hata herufi a. Leo amekuwa dokta?"

Wakacheka naye, wakaenda zao. Kisha akanifukuza kama mbwa. Na mapaja yale anayauza mpaka leo.

Sikupata hata nafasi ya kulia. Asubuhi ile ile, kabla ya redio, nilikuwa nimemuuzia mteja wangu, Maman Emérence, ndoo nzima ya mapaja yale, kwa komunyo ya kwanza ya binti yake Aimée. Nikapanda mbio hadi kwake, mtaa wa Cimpunda.

Nyama ilikuwa sufuriani jikoni, tayari imeiva.

"Musikule! Iko na sumu!"

"Maman Domi, unakuja kunivunjia fête, sherehe ya mtoto wangu?" Emérence alishika kiuno. "Ni wivu. Bwana alikukimbia, sasa unachukia furaha ya wengine!"

Wageni wakacheka. Mama mkwe wake, Koko Cibalonza, hakucheka.

"Kaa kimya, Emérence. Tangu nizaliwe sijaona muuzaji anayetukana mali yake mwenyewe. Mwageni."

Wakamwaga yote ndani ya shimo la choo. Nikapumua. Ndipo Koko akageuka.

"Aimée, ulionja?"

Mtoto alificha mikono nyuma ya gauni jeupe. Midomo yake iling'aa mafuta.

"Kipande kidogo tu, Koko."

Emérence hakunitukana tena. Alinishika mkono, tukapanda pikipiki moja kwenda hospitali, mtoto katikati yetu. Njia nzima nilikuwa namuuliza kama tumbo linauma, na kila mara nilikuwa naogopa kusikia jibu.