Kijiti cha Kumbukumbu na Jina la Gidamis

Mwanangu, siku ile ya mnada naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako akinisikia nasema hivi atanuna. Ndiyo siku niliyomwita rafiki yangu mwizi mbele ya watu, kwa sababu ya namba niliyoiona kwenye kioo cha kompyuta.

Nakusimulia leo kwa kuwa jana nilikusikia ukifoka kwenye simu. Umenunua RAM mpya ya kompyuta yako ya gemu, spidi uliyoahidiwa huioni, na kijana aliyekuuzia umeshamwita tapeli. Labda ni tapeli kweli, sijui. Kaa hapa kwanza, hiyo gemu itakusubiri.

Ilikuwa miaka michache baada ya Manyara kuwa mkoa. Bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani, na hata mtu wa kijijini kwetu Tlawi aliweza kuwa na kompyuta nyumbani, mradi umeme umemfikia na ana kichwa kigumu kama changu. Yangu niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Nilikuwa na gemu moja ya mbio za magari, niliipenda kupita kiasi, ila kila nikifika kwenye kona picha inaganda, na ikizinduka gari limeshagonga ukuta. Wajuaji wakaniambia niongeze nguvu ya RAM, kile kijiti cha kumbukumbu kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Wakasema nitafute chenye spidi ya mia nane.

Sikuwa na nafasi ya kwenda Arusha, nikamwagiza Gidamis. Huyu alikuwa mtoto wa wafugaji wa Balangdalalu, uwandani Hanang, na miaka minne ya sekondari tulilala kitanda kimoja cha bweni, yeye juu, mimi chini. Baba zetu walijuana kupitia sisi, mpaka ikafika mahali baba yangu ana ng'ombe wawili kwenye zizi la baba yake kule uwandani, wanalishwa pamoja na wa kwao. Kwetu ng'ombe humpi mtu unayemtilia shaka. Na Gidamis mwenyewe ndiye wafugaji wengi wa kwao waliyemtuma kupeleka mifugo Arusha, kwa kuwa alijua kusoma na kila alichokabidhiwa kilifika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo heshima yake.

Akaniletea kijiti kimeandikwa mia nane kwenye kikaratasi kilichobandikwa ubavuni. Nikatoa cha zamani, nikachomeka kipya. Kompyuta ikawaka vizuri, gari likapita kona bila kuganda. Ningeishia hapo ningekuwa na amani mpaka leo. Lakini ujana una kiherehere. Nikafungua programu ndogo inayoonyesha spidi ya kumbukumbu, nikakuta imeandika mia nne.

Nusu! Damu ikanichemka. Kile kijiti cha zamani sikuwahi kukipima hata siku moja, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha nacho, wala hilo halikunipitia kichwani. Nikajiambia Gidamis amenunua kitu duni, akabandika kikaratasi cha mia nane, chenji akaila. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijawaka sawasawa, nikapandisha spidi kwa nguvu mpaka namba kubwa kuliko zote zilizokuwepo. Kompyuta ikazima. Nilipoiwasha tena ikawa inalia tu, kioo cheusi. Kwangu huo ukawa ushahidi kamili kwamba kijiti ni kibovu.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mnada kule Hanang. Nikamkuta Gidamis amesimama na wazee wa kwao penye ng'ombe. Ningeweza kumvuta pembeni. Sikumvuta.

"Umeniletea kitu bandia," nikamwambia kwa sauti. "Wewe ni mwizi."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Mimi nimekuletea kile kile nilichopewa dukani. Sijakigusa. Twende kwa fundi akiangalie."

"Fundi wa nini? Kompyuta yenyewe imesema."

Watu wa kwetu waliokuwa karibu wakaanza kucheka na kusema si ndio hao wafugaji wa uwandani, tunawajua kwa wizi. Mwanangu, nililisikia neno hilo na sikulikataa. Lilinisaidia, nikaliacha lifanye kazi. Kati ya yote niliyoyafanya siku ile, hili ndilo linalonipa aibu kubwa zaidi.

Baada ya siku chache, baba yake Gidamis akaja Tlawi mwenyewe, na mtamba mwekundu nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, lakini hakutaka kuketi. Akamwambia baba yangu kwamba mwanawe amekana, naye anamwamini, lakini hawezi kuishi huku jina la nyumba yake linatajwa hivyo minadani. Achukuliwe huyu ng'ombe, maneno yaishe. Baba akanigeukia, akaniuliza kama nina uhakika na ninachosema. Nikasema ninao. Ng'ombe akabaki kwetu.

Kompyuta ilikaa imekufa hadi mvua zikaisha. Ndipo nikaipakia kwenye baiskeli, nikaipeleka Mbulu mjini kwa mama mmoja fundi, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliifungua, akachomoa betri moja ndogo ya duara, akasubiri kidogo, akairudisha. Alisema hiyo ni njia ya kuisahaulisha mashine mipangilio yote mibaya niliyoiwekea. Akaiwasha. Ikawaka, na kijiti kikiwa kile kile cha Gidamis.

"Kijiti chako ni kizima," akasema. "Wewe ndiye uliyekilazimisha mbio zisizo zake."

"Lakini mama, angalia, kinaonyesha mia nne, na mimi nilinunua cha mia nane."

Akacheka, si kwa kunidharau. "Umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Sasa wewe ukihesabu mchi wa mmoja tu, utapata nusu. Hii kumbukumbu inatwanga mara mbili kwa kila pigo moja, na programu inakuhesabia pigo. Mia nne yako hiyo ndiyo mia nane."

Nikamwomba apime na kile cha zamani, nilikuwa nimekibeba mfukoni. Nacho kikasoma nusu ya kilichoandikwa ubavuni. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza baba kila kitu, nikijitetea kwamba ni kompyuta iliyonipotosha. Alikuwa akikarabati uzio, wala hakuacha kazi.

"Kompyuta iliandika mia nne," akasema. "Neno mwizi uliliandika wewe." Baadaye kidogo akaongeza, "Kesho unamswaga huyo ng'ombe mpaka kwao. Utakwenda kwa miguu. Na maneno utayasema mnadani, pale pale, kwa sauti ile ile."

Nilimswaga siku nzima na ya pili, kupitia Basotu, na siku ya mnada nikasimama penye ng'ombe nikasema mbele ya watu kwamba Gidamis hakuiba chochote, mwongo nilikuwa mimi. Wachache walisikiliza. Habari ya mtu kutokuwa mwizi haina wasikilizaji wengi, hilo nalo nilijifunza siku hiyo. Kisha nikaenda nyumbani kwao.

Mzee alimpokea ng'ombe, akampapasa mgongo, akamwingiza zizini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akaniambia kwamba baada ya lile tusi hakuna mfugaji aliyemtuma Gidamis tena Arusha. Kijana aliona aibu kukaa bila kazi machoni pa watu, akaondoka na ndugu waliokuwa wanahamia kusini na mifugo yao. Wapi hasa, hawakujua.

"Ng'ombe umemrudisha," akasema. "Mwanangu je?"

Tangu siku hiyo namtafuta. Nimeuliza kwa wafanyabiashara wa ng'ombe, nimeuliza kwa madereva wa malori. Gidamis sijamwona tena.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mashine ikikusumbua, irudishe kwanza kwenye mipangilio yake ya mwanzo. Badilisha kitu kimoja, kiangalie, ndipo uguse kingine, na usichokijua ulizia kwa anayekijua. Spidi uliyoikosea unaweza kuifuta kwa kuchomoa betri ndogo ya duara. Jina la mtu halina betri ya kuchomoa. Ukiona kosa, mwenzako mvute pembeni umuulize, na akikwambia twende kwa fundi, nenda naye. Na kama umeshakosea, usingoje mvua ziishe ndipo uombe radhi, maana mwenye haki ya kuisikia anaweza kuwa ameshaondoka.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho yenye subira na marafiki wanaofikisha walichokabidhiwa. Na ulimi wako usimfukuze mtu kwao.