Mwenye Jina ni Mektrida

Shangazi yangu Mektrida wa Uru, Uchaggani, si mtu wa kubembelezwa. Miaka saba sasa hupokea wageni shambani: wanachuma kahawa, wanaitwanga kwenye kinu, wanakaanga, wanakunywa. Wote humpata kwa tovuti yenye jina lake. Oktoba mwaka jana tovuti ikapotea.

Tulishuka mjini kwa Fredy, wakala wa kusajili majina ya tovuti. Alitazama kompyuta akaguna.

"Mama, usajili uliisha, jina limefutwa. Mwenyewe bado anaweza kulirudisha, ila zimebaki siku tisa. Zikipita, yeyote atalichukua."

"Mwenyewe si mimi?"

"Hapa ameandikwa Primus."

Primus ni kaka yake, baba yangu mkubwa, yuko Dar. Ndiye aliyemfungulia tovuti, akajiandika yeye, kama kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, kilivyoandikwa kwake, na hakuna aliyeona ajabu. Barua pepe za kukumbushwa alizipata zote, akaziacha. Kwetu jambo la ukoo husubiri Desemba, watu wapande nyumbani, mbuzi achinjwe, ndipo lizungumzwe. Baba mkubwa alidhani kompyuta nayo ni Mchagga!

Shangazi akampigia pale pale.

"Tulia, Mektrida. Tutaongea Krismasi. Likichukuliwa, tutatafuta jina lingine."

"Lingine la nani, kaka? Mimi nilibatizwa hili. Kihamba nimekilima miaka ishirini kwa jina lako, nikanyamaza. Hapa sinyamazi."

Primus akakata simu. Shangazi akamwomba Fredy fomu mbili, ya kulirudisha jina na ya kubadili mmiliki. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye basi la Dar.

Asubuhi iliyofuata, ofisini kwa Primus, Shangazi alikaa mapokezi na kitenge chake, akimsalimia kila anayeingia na kumweleza shida yake, tangu mwanzo. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilijivuna pia. Kabla ya saa sita Primus alitoka mwenyewe, kalamu mkononi. Fomu ya pili aliishika muda mrefu.

"Na hii ni lazima?"

"Tia sahihi, kaka."

Akatia.

Fomu tukamrudishia Fredy, na siku ya saba kati ya zile tisa alipiga simu: jina limerudi, na mwenye jina ni Mektrida. Shangazi akamwambia asome tena. Alimsomesha mara tatu. Ya tatu akalia, kisha akanikataza nisimwambie mtu.

Nawaambia wote.